Koti la Sukari

Afisa wa afya alifika kwenye kiwanda cha mikate saa mbili asubuhi, wakati unga wa zamu ya pili unaumuka, akasema kila mtu avue glavu na kuweka mikono juu ya meza.

Wanawake saba na wanaume wawili wakapanga mikono yao kama watoto wa chekechea. Afisa alipita taratibu. Hakumgusa mtu kwa kidole chake. Alitumia ncha ya kalamu. Huyu afunge kidonda. Yule akate kucha. Alipofika kwa mwanamke wa mwisho, kalamu ilisimama.

Wenzake walimwita Mama Hamira, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyepima hamira ya kiwanda kizima kwa kiganja, na hakuwahi kukosea. Kucha sita kati ya kumi alizokuwa nazo zilikuwa nene, za njano iliyofifia, zimeinuka kutoka kwenye nyama. Ya gumba la kulia ilikuwa imevunjika nusu.

"Hii ni nini?"

"Ni fangasi, bwana afisa. Lakini huwa navaa glavu mbili mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa shule."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Mwanamke aliyesimama kando ya Mama Hamira, ambaye kwa miaka minne walikuwa wakinywa naye chai kwa kupokezana kikombe kimoja, alivuta mikono yake polepole akaifuta kwenye aproni. Akaifuta tena. Mama Hamira aliona.

Msimamizi wa kiwanda hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. "Mama," alisema, "toka kwenye unga." Akampeleka hadi mlangoni, akamweleza kwamba ana siku kumi na nne za kuleta barua ya daktari. Bila barua asirudi. Mama Hamira alipogeuka kuondoka, alimsikia msimamizi akimwambia mtu: "Lile donge alilokanda, limwageni."

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, mbele pana kibaraza. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa mtaa wa pili tu, kwa hiyo mchana alirudi kula. Siku hiyo alimkuta dada yake sebuleni. Dada huyu alikuwa msusi, na habari zote za mtaa zilipita katika vichwa alivyosuka. Ya kiwandani ilikuwa imemfikia kabla hata ya chakula kuiva.

"Mimi nasema kwa kukupenda, wifi," alianza, akiwa amekalia kiti karibu na mlango. "Mwanamke anayejitunza haumwi ugonjwa mmoja miaka nenda miaka rudi. Mara kucha, mara huko chini, mara mdomo. Ama ni maji, ama ni mtu."

"Mtu gani?" aliuliza Mama Hamira.

"Nimesema mtu mimi? Nimesema maji."

"Umesema mtu."

"Haya, kama umesikia mtu basi unamjua mwenyewe." Akainuka, akajifunga kitambaa chake vizuri, akamuaga kaka yake peke yake.

Fundi aliendelea kula. Alikula kama anayehesabu tonge. Mkewe alisubiri mpaka viatu vya wifi viliposikika barabarani.

"Ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Na hukusema kitu."

"Niseme nini?" Alisukuma sahani. "Nimemeza vidonge pamoja nawe mara sita. Mara sita! Kila nikienda dukani, yule muuza dawa anauliza kwa sauti mbele za watu, 'Ni ya fangasi tena, fundi?' Ananitazama kama mimi ndiye niliyeleta. Na mimi najijua sijaleta. Sasa nikae nisijiulize? Kama si mimi, ni nani?"

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, mkewe angejua la kujibu. Alilisema kama mtu aliyebeba kitu kizito siku nyingi na sasa anakiweka chini mbele ya mwenye mali.

Mama Hamira alikusanya vyombo. Uani alimkuta binti yao ametoka shule, anafua soksi zake bila kukunja mikono ya sweta. Mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

Binti huyu walimwita Maswali. Alipokuwa na miaka minne aliuliza kwa nini birika linapiga kelele kabla ya maji kuchemka na likichemka linatulia, na hakuna aliyeweza kumjibu. Tangu hapo hakupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mama yake alishtuka kutambua kwamba wiki nzima mtoto hajauliza chochote.

"Kunja mikono ya sweta, utaugua kifua."

"Sisikii baridi."

"Maswali. Kunja."

Mtoto akakunja, akaficha vidole gumba ndani ya ngumi. Mama yake akachuchumaa, akazifungua zile ngumi kidole kimoja kimoja. Ukucha wa gumba la kushoto ulikuwa umeanza kugeuka njano pembeni.

"Fungua mdomo."

Kwenye ulimi na ndani ya mashavu palikuwa na mabaka meupe, kama mtoto mchanga aliyetoka kunyonya.

"Wananiita Maziwa," alisema Maswali. "Mwalimu akasema nipige mswaki. Nilipiga mpaka damu ikatoka, mama."

Mama Hamira alirudi ndani. Mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi.

"Umeuliza ni nani," alimwambia. "Haya, na mimi nakuuliza. Mtoto wako wa miaka kumi na mitatu anao. Mdomoni, na kwenye ukucha. Yeye kaupata kwa mtu gani?"

Fundi aliachia kamba ya kiatu.

*

Daktari wa ngozi wa hospitali kuu alikuwa na foleni ya kufika nje ya geti. Zamu ya Mama Hamira ilipofika, daktari alikuwa tayari ameshika kalamu ya kuandika dawa.

"Dawa utaniandikia, daktari, na nitashukuru," alisema Mama Hamira. "Lakini dawa nimekunywa tangu sijaolewa. Zinasaidia, kisha unarudi. Mimi leo nataka kujua kwa nini."

Daktari akaweka kalamu. Inaelekea hakuulizwa hivyo mara nyingi. Akauliza maswali yake: kisukari? Amepimwa, hana. Na kile kipimo ambacho watu hukitaja kwa kunong'ona? Amepimwa mara nne, hana. Mara mbili kati ya hizo ni wifi aliyetaka. Homa za mapafu, majipu, vidonda visivyopona? Hapana, mafua tu kama watu wote.

"Kwa hiyo ni fangasi peke yake," daktari alisema, zaidi kujiambia. "Vitu vingine vyote mwili wako unavifukuza. Huyu mmoja tu ndiye anayeingia anavyotaka. Na mtoto uliyenieleza vilevile." Alimwandikia dawa, na barua ya kazini inayosema kwamba anatibiwa na kwamba akivaa glavu hana madhara kwa mkate. Kisha akaongeza karatasi ya tatu. "Nenda mwisho wa ukumbi. Kuna mtu pale atafurahi kukuona kuliko mimi."

Mwisho wa ukumbi palikuwa na maabara. Mtaalamu wake alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na kalamu nyuma ya sikio, amesimama nje ya mlango akila biskuti, kwa kuwa ndani haruhusiwi kula. Alisoma karatasi ya daktari, akameza biskuti haraka, akamkaribisha kwenye benchi.

"Tuchore ukoo," alisema. "Mwanamke duara, mwanamume mraba. Mwenye tatizo nampaka wino. Huyu wewe, huyu binti yako. Dada zako?"

"Mimi ni wa pekee."

"Mume wako?"

"Hana kitu."

"Mama yako?"

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuona kucha za mama yangu."

Alipolisema ndipo alipolisikia. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Tangu akili za Mama Hamira zianze kushika mambo, vidole vya mama yake vilikuwa vimefungwa vipande vya kitambaa, kila kimoja na kifundo chake, na alipouliza aliambiwa ni kwa ajili ya sindano. Alikubali, maana mtoto hukubali. Lakini fundi cherehani huchomwa kidole kimoja, labda viwili. Nani huchomwa vyote kumi?

Mtaalamu alikuwa anamtazama, kalamu imeelea juu ya duara tupu.

"Mlete," alisema.

*

Bibi yake Maswali aliishi ng'ambo ya pili ya mji, katika chumba kilichojaa vitambaa na mwanga mzuri wa dirishani. Alikuwa anatia zipu kwenye suruali ya mtu. Binti yake alimweleza yote: afisa, kalamu, donge lililomwagwa, mtaalamu na maduara yake. Cherehani haikusimama.

"Kwa hiyo wanataka damu yangu."

"Kidogo tu, mama."

"Mwambie sina."

"Mama, naomba nione mikono yako."

Cherehani ikasimama. "Nimekuzaa," Bibi alisema, "nimekulea, nimekusomesha kwa mguu huu unaokanyaga hapa. Mikono ya nini tena?"

"Mficha maradhi—"

"Usinipigie methali! Methali nilikufundisha mimi." Akavuta suruali, akaigeuza, akaigeuza tena. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Unajua baba yako aliniachaje? Aliita wazee wa pande zote mbili. Mbele yao akasema, huyu mwanamke ananuka, huyu ni mchafu, kitanda chake hakilaliki. Mama yangu alikuwepo. Mjomba wangu alikuwepo. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa naoga mara nne kwa siku, mwanangu. Nilijisugua kwa jiwe. Nikaondoka pale nikasema, hakuna mtu atakayeona tena kitu cha mwili wangu akakitolea ushahidi. Na hajaona. Wewe mwenyewe hujaona."

Mama Hamira alikaa chini, kwenye lundo la vitambaa, karibu na magoti ya mama yake. Angeweza kumbembeleza. Badala yake alivua glavu alizokuwa akivaa hata njiani tangu siku ya afisa, akaweka mikono yake juu ya suruali ile, kama alivyoiweka mbele ya afisa.

"Maswali anao pia," alisema. "Anasugua ulimi kwa mswaki mpaka unatoka damu."

Bibi aliitazama ile mikono. Kisha alianza kufungua vifundo, akitumia meno, kidole kimoja baada ya kingine. Ilimchukua muda. Alipomaliza, mikono minne ililala juu ya suruali ya mteja, na mtu asingejua ipi ni ya nani isipokuwa kwa makunyanzi.

"Wa Maswali," Bibi aliuliza, "umeanzia gumba la kushoto?"

"La kushoto."

"Wangu pia." Akainama aone vizuri. "Ajabu. Na wako?"

*

Walitoa damu siku ya Jumatatu, wanawake watatu wa vizazi vitatu. Mtaalamu alitaka na ya Fundi. Fundi alisema ana kazi ya mageti. Mtaalamu akampigia simu mwenyewe akamwambia, "Baba, mageti hayakimbii," na Fundi akaja, akatoa damu amegeuzia uso ukutani.

Alhamisi mtaalamu aliwaita wote. Juu ya meza palikuwa na kopo lenye ungaunga wa kijivu. Mama Hamira aliinua pua kabla hajakaribishwa kiti.

"Hiyo ni hamira."

"Umeijuaje?" Mtaalamu alifurahi waziwazi. "Imeuawa na kusafishwa, lakini ndiyo, ni hamira. Hamira nayo ni fangasi. Fangasi wote ni ndugu."

Mama Hamira alijitenga na kopo. "Miaka kumi na mmoja nimeishika kwa kiganja. Basi ndiyo iliyonila? Ndiyo nikamletea mtoto?"

"Hapana, hapana. Hamira ya mkate haina kosa. Anayekusumbua ni ndugu yake mwingine, anayekaa midomoni na mwilini mwa kila mtu, hata mwangu. Kwangu anakaa kwa adabu. Kwako hana adabu. Swali ni kwa nini."

"Kwa nini?" aliuliza Maswali. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila neno hilo kutoka kinywani mwake.

Mtaalamu alimgeukia yeye, kana kwamba wengine wametoka. "Fangasi amevaa koti. Koti lake ni la sukari. Si ya chai, hii imeungwa punje kwa punje kama shanga. Sisi watu hatuna sukari ya namna hiyo mwilini. Kwa hiyo walinzi wa damu yako, zile chembe nyeupe, wakiigusa tu wanajua: mgeni huyu. Lakini wanaigusa kwa kitu gani? Hawana mikono."

"Wana nini?"

"Wana protini. Imechomoza nje ya ngozi ya chembe, na ncha yake imeumbwa kuishika sukari ile. Jina lake dektini. Ikiishika, inatikisa chembe nzima, chembe inapiga kelele, wenzake wanakuja. Sasa njooni muone."

Akatoa sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo vingi, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa mtoto. Alikuwa ameweka damu ya kila mtu na hamira iliyokufa, na dawa inayogeuka njano pale chembe zinapopiga kelele. Safu ya kwanza ilikuwa njano ya kung'aa.

"Hiyo damu ya nani?" Bibi aliuliza.

"Yangu. Nilihitaji mtu mzima wa afya, na mshahara hautoshi kununua mwingine."

Safu ya pili ilikuwa nyeupe kama maji. Ya tatu, maji. Ya nne, maji.

"Bibi, mama, Maswali," mtaalamu alisema. "Walinzi wenu wapo, na ni wengi. Hamira imepita mbele yao wakakaa kimya, hawakuiona. Nimesoma vinasaba vyenu. Protini hii ni mnyororo wa pete mia mbili arobaini na saba. Kwenu ninyi imekatika kabla ya mwisho. Zimekosekana pete kumi."

"Kumi tu?" alisema Mama Hamira.

"Kumi tu. Kama sentensi iliyowekewa nukta kabla haijaisha. Bila zile kumi za mwisho haikunjiki vizuri, haifiki nje ya chembe."

Fundi aliinamia sahani, akaweka kidole karibu na safu ya tano.

"Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo."

"Mbona imepauka?"

Na kweli, haikuwa njano kama ya mtaalamu, wala haikuwa maji. Ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa majani kidogo.

"Kila mtu ana maandishi mawili ya protini hii," mtaalamu alisema, akichagua maneno. "Moja la mama, moja la baba. Wewe, baba, una moja zima na moja lililokatika. Linakutosha, pengine hujawahi kuona kitu. Lakini ili mtoto awe hivi alivyo, lazima apate mawili yaliyokatika. Moja amempa mama yake. La pili umempa wewe."

Fundi alikaa. Alitazama mikono yake, kisha, kwa sababu isiyojulikana kwa mtu yeyote isipokuwa mkewe, alitazama kiatu chake cha kushoto. Mkewe alijua. Ukucha wa kidole kikubwa cha mguu ule ulikuwa mnene kama kwato tangu waoane. Siku zote alisema uliangukiwa na chuma.

"Nami nilikuwa nikikuuliza ni nani," alimwambia mkewe, mbele ya watu wote.

Mama Hamira alimwacha alikalie neno hilo.

Bibi ndiye aliyekuwa bado anafikiri. Alinyoosha kidole chake, kisichofungwa kitambaa, akagusa kwenye karatasi ya ukoo duara la binti yake, akapanda juu hadi kwenye mraba tupu ulioungana na duara lake mwenyewe.

"Subiri, mwanangu," alimwambia mtaalamu. "Umesema lazima mawili. Huyu wangu anayo mawili."

"Ndiyo, mama."

"Moja langu."

"Ndiyo."

"Na la pili..." Kidole kilikuwa juu ya mraba. "Yule?"

"Yule."

"Aliyeita wazee?"

Mtaalamu hakujua habari ya wazee, lakini alijua maduara na miraba. "Yeyote aliyekuwa baba yake, mama, alikuwa nalo. Lililokatika, kama lako."

Bibi alianza kucheka. Alicheka kidogo kwanza, puani, kisha mabega yakashika, kisha akalazimika kushika meza. Maswali naye akacheka kwa kuambukizwa. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo hapo, bila mtu kuona ni wakati gani, hakikuwa kicheko tena. Binti yake alimshika.

"Kwa hiyo sikuwa mchafu," Bibi alisema alipoweza.

"Hukuwa, mama."

"Kidogo hata?"

"Hata kidogo. Kuoga hakuongezi pete kwenye mnyororo."

Bibi alijifuta uso kwa viganja. "Andika," alisema. "Andika hivyo hivyo ulivyosema, na jina langu, na muhuri wa hospitali. Mjomba wangu bado yu hai."

*

Haikupatikana dawa ya kurefusha sentensi. Daktari aliwaambia wazi: watatibu fangasi kila akirudi, mapema, kwa dozi kamili, na atarudi. Vidonge vya kucha vilikuwa vya miezi, na bei yake ilimfanya Fundi achomelee mageti hata Jumapili. Lakini mdomo wa Maswali ulisafika kwa siku tisa. Akarudi shuleni na karatasi ya maduara, akaomba kulieleza darasa. Mwalimu alimpa dakika tano, alichukua arobaini. Wenzake wakaacha kumwita Maziwa wakaanza kumwita Daktari, kwa kejeli mwanzoni.

Kiwandani, msimamizi aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri.

"Barua nimeielewa," alisema. "Shida, mama, wateja hawasomi barua."

Akampeleka kwenye tanuri, mbali na meza. Mshahara uleule, joto mara mbili. Yule mwenzake wa zamani alimletea chai, ila katika kikombe cha peke yake, akakiweka na kuondoka haraka. Aliyepewa kazi ya hamira alikuwa akifuata mizani, na mikate ya wiki ile ilitoka imelala kama malapa. Siku ya sita msimamizi alikuja tanurini akijikuna shingo. Tangu hapo Mama Hamira huitwa kila asubuhi. Husimama hatua moja nyuma ya meza, na kwa kijiko kirefu anapima, wote wakitazama. Haki yake haikurudi yote. Aliichukua iliyorudi.

Nyumbani, Fundi alijaribu kusema samahani kwa njia za watu wasiojua kuisema: alirekebisha mlango wa jiko, akaanza kwenda kuchukua dawa bila kutumwa. Siku muuza dawa alipouliza kwa sauti, "Ya fangasi tena, fundi?" alijibu kwa sauti kubwa zaidi, "Ndiyo, ya fangasi, ni yetu sote nyumba nzima, nikuelezee inavyotokea?" na watu watatu wa kwenye foleni wakataka kweli kuelezwa. Mkewe alipohadithiwa alicheka, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amezungumza naye, na kesho yake alizungumza kidogo. Hayo yalikuwa yakienda polepole. Miaka ya kushukiwa haifutwi na rangi ya sahani.

Jumamosi moja mchana, Fundi akiwa karakana na Maswali kwa Bibi, wifi alikuja. Hakuingia kama kawaida yake, akitangulizwa na sauti. Alisimama kibarazani akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Karibu," alisema Mama Hamira, bila kuinuka. Alikuwa anachambua mchele. Alikuwa amesubiri siku hii. Amepanga maneno, mengine aliyafanyia mazoezi mbele ya tanuri, ambako hakuna anayesikia. *Ama ni maji, wifi, ama ni mtu.* Hilo lingekuwa la kwanza.

"Kaka yangu ameniambia ya damu," wifi alisema. "Amesema yeye analo moja lililokatika."

"Analo."

"Na sisi ni baba mmoja, mama mmoja."

Mama Hamira akaacha mchele.

Wifi alitazama nyuma, barabarani, kisha akaingia hatua mbili. "Yule mtu wa maabara," alisema, "anapokea watu siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Ni nani? Mtoto?"

"Ni mimi." Alikuwa amevaa viatu vya kufunika, mchana wa jua kali, na sasa Mama Hamira alijiuliza ni lini alimwona mara ya mwisho na malapa. "Miguu yote miwili. Na ile nyingine. Miaka minane, wifi. Shemeji yako hajui, namwambia nimechoka. Wateja wakiniona natia mikono kwenye vichwa vyao... Nilifikiri nikisema sana juu yako, hakuna atakayeniangalia mimi."

Maneno yaliyopangwa yalikuwepo, tayari, mdomoni. Mama Hamira aliyaonja. Kisha kitu kingine kikayapita, kile kile kilichomfanya amuulize daktari kwa nini: alitaka kujua. Ulianzia mguu upi? Kushoto? Kabla ya kuolewa au baada? Na mama yao, Mungu amrehemu, mbona kila picha yake amevaa soksi?

Alisogeza ungo kando, akavuta kigoda hadi dirishani penye mwanga.

"Funga mlango," alisema. "Vua viatu, ukae hapa. Uniambie tangu mwanzo, na usiruke kitu."